Des na Fay, Chaneli 18

Mildura, 14 Juni 2013

Dada Coral,

Natumaini barua hii itakukuta mzima, na goti limeacha kukusumbua. Mimi sijambo. Nakula, nalala, nafua nguo zangu. Baridi ya hapa ni ya asubuhi tu, ikifika saa nne imeondoka.

Nakuandikia kwa sababu simu nimeizima. Usikasirike. Mtu akinipigia na kuniambia pole, nakaa kimya mpaka anadhani laini imekatika, na mwisho mimi ndiye ninayemwambia yeye pole. Barua naziweza.

Nimenunua gari-nyumba. Nyumba ya Ararat imeuzwa, hilo unalijua. Funguo nilimkabidhi dalali Jumatatu. Basi nitaishi humu ndani ya gari. Si likizo, dada, ni makazi.

Unakumbuka mimi na Neville tulivyokuwa tukienda kuyaangalia haya magari kila Jumapili? Miaka sita. Alikuwa na karatasi yake ya maswali arobaini. Anabonyeza kuta kwa kidole gumba kutafuta unyevu, anajilaza chini ya gari na suruali yake nzuri, halafu anamshukuru mwenye gari na tunarudi zetu nyumbani mikono mitupu. Hili nimelinunua kwa dakika ishirini. Sikubonyeza chochote. Lina miaka kumi na minne, kitanda kiko nyuma, jiko la gesi, na choo ambacho unakaa umekunja magoti. Linatosha.

Aliyeniuzia ni mama mmoja mjane, anaitwa Fay. Mumewe, Des, alianguka bustanini mwaka jana akafa hapo hapo. Walikuwa wameishi barabarani miaka tisa. Alinipikia chai, akanifungulia kila kabati, kisha akaniuliza, "Mzee wako hatakuja kuliona?" Nikamjibu kwamba yuko kazini. Sijui kwa nini nilisema hivyo. Ilikuwa rahisi.

Nyuma ya gari kuna majina yao, kama wanavyobandika wote wanaoishi hivi, ili wenzao wawaite kwa redio ya garini: DES NA FAY, CHANELI 18. Fay alitaka kuyabandua kwa joto la kikausha nywele. Nikamwambia aache, nitafanya mwenyewe. Akasema, "Usiyaache, mama. Watu watakuita." Bado sijayabandua.

Niandikie kwa posta ya Kimba. Nitapita kuchukua.

Mdogo wako,
Raelene


Warrnambool, 24 Juni 2013

Mdogo wangu Rae,

Salamu nyingi. Goti ni lile lile, na mvua ni ile ile, haijatupa nafasi hata ya kuanika taulo. Watoto wa Sharon wanakusalimu. Yule mkubwa anauliza kama gari lako lina televisheni.

Gari-nyumba! Wewe? Wewe ambaye kurudisha gari nyuma pale sokoni unahitaji watu watatu wakupungie mikono? Nimecheka peke yangu jikoni, halafu nikakaa chini, sikucheka tena.

Sasa nisikilize. Tulikubaliana mwili wa shemeji Neville uchomwe bila watu, ibada na maziko vifanyike ukishapata nguvu. Ilikuwa Machi hiyo. Wale wa mazishi wamenipigia mara tatu. Majivu yako kwenye rafu yao, wanauliza yatachukuliwa lini, na wanauliza kwa adabu, ndiyo inayoniumiza. Wenzake wa reli wananiuliza mimi. Kaka yake Ivan ananiuliza mimi. Ana miaka themanini na moja na anasema anataka kumzika mdogo wake kabla yeye hajazikwa. Kila mtu namjibu "bado". Nimechoka na hiyo bado, Rae.

Siwezi kumzika mume wako bila wewe. Nipe tarehe tu. Mengine yote nitafanya mimi, mpaka mikate.

Na ule vizuri. Si biskuti.

Dada yako akupendaye,
Coral


Kimba, 19 Julai 2013

Dada Coral,

Barua yako nimeipata, asante. Nafurahi kusikia mnaendelea vizuri. Mwambie mtoto televisheni ipo ila haionyeshi kitu. Mimi mzima. Sili biskuti.

Nikueleze kilichotokea. Nilikuwa nimeipita Port Augusta, barabara imenyooka, sifikirii lolote. Siku hizi sifikirii lolote, na si jambo baya. Ghafla redio ikaita: "Des na Fay, Des na Fay! Mko hapo?" Nyuma yangu palikuwa na watu wanavuta karavani. Nikashika kidude cha kuongelea nikasema, "Tupo."

"Aa, shemeji Fay! Sauti yako imekuwa nzito, umeugua? Huyo mvivu yuko wapi?"

Nikasema, "Amelala nyuma."

"Mchana kweupe! Mwambie uzee umemkuta. Mwambie Barry wa karavani ya kijani anamsalimu, na ile mbinu yake ya kuwasha moto kwa mafuta ya kupikia imenichoma nyusi."

Nikasema nitamwambia. Wakanipita, mkewe akaninyooshea kidole kimoja juu kama wanavyosalimiana huku, nami nikanyoosha changu. Niliendesha kilomita arobaini, Coral, na katika hizo arobaini nilikuwa na mume amelala nyuma ya gari. Sikuwa na furaha. Lakini nilikuwa na kitu.

Jioni hapa kambini, saa kumi na moja, kila mtu hutoa kiti chake na kinywaji chake, wanakaa duara. Ndiyo desturi, usipotoka wanakuja kugonga. Walishayasoma majina nyuma ya gari, wakaniita Fay. Wakauliza mwenzangu yuko wapi. Nikasema ana mafua. Mama mmoja akanipa keki mbili kwenye leso nimpelekee. Nikaingia ndani, nikafunga mlango, nikazila zote mbili nimesimama.

Kuhusu yale mengine uliyoandika, nimesoma.

Nitakuwa Ceduna mwezi ujao.

Mdogo wako,
Raelene


Warrnambool, 2 Agosti 2013

Mdogo wangu,

Hatujambo hapa, ila mimi silali vizuri tangu barua yako ifike.

"Nimesoma." Ndilo jibu hilo? Nikuandikie kurasa mbili, uniambie umesoma, kama karani?

Na huo uongo wa mafua uache leo hii. Najua unaona haumdhuru mtu. Lakini huyo Des ana watu wake. Huwezi kumchukua marehemu wa mwenzako ukamtembeza barabarani kwa sababu wa kwako hutaki kumgusa. Nimeandika kwa ukali na sitafuta neno.

Nimeamua mimi. Ni Jumamosi tarehe 26 Oktoba, saa tano asubuhi, makaburi ya Ararat. Ivan ameshaambiwa, na wenzake wa reli pia. Uje, usije, siku ni hiyo. Lakini ukinisimamisha pale peke yangu nimpokee kila mtu mkono kwa niaba yako, Rae, sijui kama nitaweza kukusamehe. Nakuambia mapema ili usije ukasema hukujua.

Dada yako,
Coral


Nullarbor, 28 Agosti 2013

Dada mpendwa,

Kadi hii ni fupi kwa sababu nafasi ni ndogo. Natumaini goti linaendelea vyema. Sisi wazima. Upepo ni mwingi, hakuna mti hata mmoja. Jana tuliona nyangumi kutoka juu ya genge, mama na mtoto wake, tukakaa kuwaangalia mpaka baridi ikatushinda. Barry amewaambia watu wote wa njia hii kwamba tunakuja, kwa hiyo redio hainyamazi. Hatuna haraka. Ya Oktoba tutaona.

Mdogo wako,
Fay


Warrnambool, 9 Septemba 2013

Rae wangu,

Nakutumia hii kwa posta ya Norseman, kwa sababu barabara hiyo haina pengine pa kutokea. Sisi wote wazima.

Kadi yako iko mbele yangu mezani. Nimeisoma mpaka imelainika pembeni. Tazama ulivyoweka sahihi. Mwandiko ni wako, nimeujua tangu darasa la kwanza, mimi ndiye niliyekushika mkono ukaandika R ya kwanza. Jina si lako.

Na "tuliona" ni nani na nani, mdogo wangu?

Sitakugombeza tena. Yale niliyosema kuhusu kukusamehe yaache, nilikuwa na hasira. Nimeogopa. Kama unaisoma hii, washa simu dakika moja tu, useme "nipo", ukate. Sitasema pole. Sitasema kitu.

Ivan alianguka bafuni wiki iliyopita. Hakuvunjika. Anasema atakuja tarehe 26 hata kwa kubebwa.

Coral, dada yako


Norseman, 3 Oktoba 2013

Dada yangu Coral,

Natumaini u mzima, na shemeji Ivan amepona. Barua yako ilikaa posta hapa majuma matatu. Mimi nilikuwa njiani, nalala siku nne hapa, tano pale. Nisamehe kwa kukuogopesha. Sahihi ile sikuiona. Nimekaa nikifikiri niliandikaje, sikumbuki.

Nitakueleza ya jana, kisha nitakuambia jambo.

Nilifika kambi ya hapa mchana, nikaegesha, nikalala. Kwenye saa kumi na moja mlango ukagongwa kwa ngumi. "Toka nje, Des! Nimekaa hapa siku nne nakungoja, unataka nife?" Nikafungua. Mzee mrefu, kofia mkononi, ndoo ya barafu miguuni ina samaki. Anaitwa Clarrie. Alikata manyoya ya kondoo pamoja na Des kwenye mabanda ya watu tangu wakiwa na miaka kumi na saba. Hana simu, hana anwani. Alikuwa Esperance, pwani, anavua, akasikia kwa watu wa karavani kwamba Des na Fay wako njiani, akaendesha kilomita mia mbili kuja kuwapokea.

Akanitazama. "Wewe si Fay."

"Hapana."

"Fay yuko wapi?"

"Mildura."

Akachungulia juu ya bega langu, kitandani. Kitanda kilikuwa kimetandikwa. "Na Des?"

Kinywa changu kilikuwa na jibu lake tayari, Coral. Amelala. Amekwenda kutafuta kuni. Nilishayasema hayo mara ngapi, yanatoka yenyewe. Lakini mzee yule alikuwa akikitazama kitanda. Nikamwambia Des alikufa mwaka jana, bustanini kwake.

Akaketi kwenye ngazi ya gari, akanipa mgongo. Kisha akasema, bila kugeuka, "Mimi nilishazoea kutojua. Kama yuko hai, sawa, kama hayuko, sawa, nilishamwacha huko. Wewe ukawaambia watu njiani amelala. Majuma matatu nimekuwa na rafiki yangu. Nimemvulia samaki. Halafu unamuua mlangoni." Hakupiga kelele. Afadhali angepiga.

Nikasema nisamehe. Akauliza, "Kwa nini? Nimekukosea nini? Des alikukosea nini?"

Nikamwambia mume wangu alikufa mwezi wa tatu.

Nilisikia sauti yangu ikilisema, kavu kabisa, kama mtu anayeulizwa namba ya gari. Sikuanguka. Mbingu hazikufanya lolote. Watu walikuwa wameshatoa viti vyao kwenye duara na mmoja alikuwa akicheka.

Hakuniambia pole. Aliuliza, "Umemzika?"

"Bado."

"Yuko wapi?"

"Kwenye rafu."

Ndipo akageuka, akanitazama vizuri. "Mama," akasema, "sasa huku unafanya nini?"

Akasimama, akasema samaki wataharibika, akatoa kisu, akawapara pale pale kwenye ngazi. Tukawakaanga kwenye jiko langu. Tukala. Nikampa anwani ya Fay, akaiandika ndani ya kofia yake. Alipokuwa anaondoka aliniuliza mume wangu alikuwa anaitwa nani, nikamwambia. Akalirudia mara moja, akaenda kwenye gari lake.

Sikulia, dada. Usije ukategemea kwamba nitashuka garini nalia, kwa sababu sijui kama nitaweza, na watu watanong'ona. Waache. Ila nilipokuwa nakula niligundua nina njaa, njaa ya kweli, nikala samaki watatu.

Sasa lile jambo. Siku ile ya Machi nilikupigia simu nikakuambia tu usije chakula cha Jumapili. Sikusema sababu. Habari ulipewa na jirani, na wewe ndiye uliyewaambia wote, Ivan, watu wa reli, hata muuza nyama. Mimi sikumwambia mtu. Ilikuwa haki yako uisikie kwangu, na mimi niliikwepa. Kwa hiyo ipokee sasa, ingawa imechelewa.

Coral, Neville amekufa. Amekufa Jumamosi tarehe 9 Machi, asubuhi, jikoni kwetu, ameshika kikombe. Nilimwita mara mbili. Anazikwa Ararat, Jumamosi tarehe 26 Oktoba, saa tano. Atakayewapokea watu mkono ni mke wake.

Naondoka hapa kesho asubuhi.

Mdogo wako,
Raelene