Pombe ya Nyambura Ilivyoisha Melini

Jumatatu, 3 Machi

Niko na miaka themanini na moja. Nimezika machifu wanne, punda sita, na daktari aliyeniambia nisipoacha pombe sitafika sabini. Ni yeye hakufika. Leo nimefungulia mpunga maji asubuhi kama kawaida. Mgongo unauma. Sikusema.

Naandika Kiswahili kwa sababu ngumbaru, shule ya watu wazima, walinifundisha hicho. Tena Wambui, mke wangu, hasomi kitu ila Biblia ya Kikuyu. Hapa niko peke yangu.

Nyambura amepiga simu. Binti yetu wa pekee, nesi huko Durban. Tiketi zetu ziko tayari. Siku nne ndani ya meli kubwa ya kutembeza watu, sisi wawili, yeye, na yule mwanaume wake. Ana swali. Tununuliwe pakeji ya vinywaji ama tuache? Inalipwa mara moja tu, halafu unakunywa bia, divai, chochote, mpaka glasi kumi na tano kwa siku. Lakini meli iko na sheria. Wanaolala chumba kimoja lazima wote wanunuliwe. Na Wambui hajaonja pombe tangu aokoke.

Wambui akasema, "Pombe ilipiwe mtu asiyekunywa? Chai ni bure. Kunywa chai kama mimi, mzee."

Mimi si mtu wa kuvuka mpaka nikunywe chai. Nikamwambia Nyambura pakeji inunuliwe. Akasema, "Sawa Baba, itapatikana." Sikuuliza pesa zitatoka wapi. Nilikuwa nimefurahi.

Alhamisi, 6 Machi

Mjini Kutus, kutafuta viatu. Kariuki nilimkuta kwa buchari. Huyu ni rika yangu, tulitahiriwa siku moja, na anasema alilia kidogo kuliko mimi. Uongo.

Nikamwambia habari ya glasi kumi na tano. Akaita watu wote wasikie. "Huyu? Kumi na tano? Mbili tu na anaanza kuimba nyimbo za kanisa asiloenda!" Wakacheka hadi mwenye kukata nyama akaweka kisu chini. Nikaapa mbele yao nitamaliza zote, kila siku, na mke wangu awe shahidi. Sasa nimeapa.

Halafu akauliza, "Na yule wa Nyambura, ameleta pombe?"

Bado. Kwetu mwanaume akitaka binti, watu wake wanaleta pombe ya muratina nyumbani. Binti anaitwa mbele ya wazee. Anashika pembe ya kunywea, anaonja, anampa baba yake. Baba anamuuliza: nikunywe? Binti akisema kunywa, baba anakunywa, na hapo maneno yameisha. Hakuna kurudi nyuma. Wengine wako na mabinti watano. Mimi niko na mmoja, na pembe moja ya kungoja. Iko kwa ukuta, juu ya kitanda. Naipangusa mwenyewe.

Huyo Themba ametuma neno mara mbili kwamba anataka kuja. Nikakataa. Asije peke yake kama mtu wa kuuza dawa ya panya, aje na wazee. Baba yake alikufa, wajomba wametawanyika. Nikasema basi awatafute. Mwaka wa tatu huu.

Kariuki akasema, "Utamngojesha mpaka lini, na wewe unanuka kaburi?" Rika wanaongea hivyo. Nikacheka. Haikunichekesha.

Jumatatu, 10 Machi

Ndani ya meli, tumepandia Durban. Weka soko la Kutus juu ya kinu cha mchele, halafu weka mji wa Nyeri juu yake. Hivyo.

Themba alibeba begi zote. Mrefu, mpole, fundi wa umeme. Kiswahili hajui, na Kiingereza yangu ni ya kuuza mchele tu. Alinisalimu kwa mikono miwili, ameinama. Nikampa mkono mmoja.

Tumepewa kadi za kuvaa shingoni. Unaonyesha kadi, unapewa bia. Baridi. Tamu. Nilijaribu kutumia ya Wambui pia, mhudumu akatikisa kichwa. Wambui akachukua kadi yake na kuagiza maziwa. Ati angalau nayo ifanye kazi.

Glasi tisa. Kesho nitajikaza.

Jumanne, 11 Machi

Kumi na mbili. Nimeanza baada ya uji. Haikuwa kiu. Ilikuwa kama kupalilia, unaangalia mstari uliobaki na mgongo umekwisha. Meli inayumba, na mimi nayumba kuishinda. Mchana nimeshindwa na ngazi. Mtu akanishika mkono hadi chumbani, akanivua viatu. Kijana wa meli, nafikiri.

Nimeamka Wambui akiwa amekaa kando yangu, anang'aa uso. Walikuwa wameenda juu na Nyambura na Themba kuona samaki wakubwa. "Wanaruka kama mbuzi, mzee! Kama mbuzi wakitoka zizini!" Akangoja nimuulize zaidi. Nikamuuliza baa inafungwa saa ngapi.

Jumatano, 12 Machi

Kisiwa. Watu wanashushwa kwa maboti madogo. Nikaambiwa huko mchangani pakeji haifanyi kazi, bia ni ya kulipa. Nikasema basi nendeni, mimi nabaki na yangu.

Nikaketi juu. Nikaona kitambaa chekundu cha Wambui huko mbali. Nikaona akivua viatu. Nyambura alimshika mkono huu, Themba ule, na wakaingia naye majini. Wimbi likaja akarudi nyuma, likaenda akalifuata. Kama msichana. Miaka hamsini nimemwambia nitampeleka Mombasa aguse bahari. Kila mavuno nasema mwaka ujao. Leo ameigusa, na mwanaume mwingine ndiye alimshika asianguke.

Mimi nilikuwa na bia ya sita. Ilikuwa na joto tayari.

Nimejuta. Nimeandika, imetosha.

Alhamisi, 13 Machi

Nitaandika yote.

Jioni ya mwisho. Meza moja, wote wanne. Nilikuwa nimefika kumi na tatu, na kichwa kimekuwa kikubwa. Nyambura akasema polepole, "Baba, Themba amepata mjomba mmoja. Tunaomba waje Agosti."

Mjomba mmoja! Nikainua glasi juu watu wa meza za pembeni waone. Nikasema mimi si baba wa kununuliwa. Nikasema huyu kijana anaweza kungoja hadi ndevu zigeuke nyeupe. Nikasema, "Na pombe yake siwezi kuionja hata nikifa kiu!" Nikakunywa hiyo ilikuwa mkononi, yote, ndiyo waone.

Hakuna aliyecheka. Themba akamuuliza Nyambura nimesema nini. Nyambura akaniangalia mimi.

"Baba, hiyo umekunywa ni yake."

Nikasema gani.

"Yote. Yako na ya Mama. Mimi sikuwa nayo, ada ya masomo yangu imenimaliza. Ni yeye alisema baba yako asinyimwe."

Wambui akakunja kitambaa chake cha meza mara mbili. Akasema, "Basi umekunywa." Hayo tu. Akasimama. Themba ndiye alinishika mkono kunirudisha chumbani. Mkono ule ule. Ni yeye hata Jumanne.

Siku nne. Nimekunywa pombe ya binti yangu siku nne, bila wazee, bila ndugu zangu, bila yeye kuishika. Nilikuwa nahesabu glasi.

Ijumaa, 14 Machi

Asubuhi kabla ya kushuka. Begi ziko mlangoni. Nyambura akaniletea chai kwa kikombe cha karatasi, nusu imemwagika kwa sababu ya haraka. Sikuipokea. Niliangalia mkono wake umeshika kikombe. Nikamuuliza. Sauti ilikuwa ndogo, sijui ilitoka wapi.

"Nikunywe?"

Alijua ni nini nauliza. Anajua desturi, nilimfundisha mimi akiwa mdogo, na kikombe cha uji.

Akasema, "Ulishakunywa, Baba."

Hakusema kwa hasira. Aliweka kikombe mezani, akanifunga vifungo vya koti, akaenda kutafuta viatu vya mama yake.

Bandarini nilimpa Themba mikono miwili. Aliinama. Na mimi nikainama. Mgongo ukauma na nikasema.

Jumapili, 23 Machi

Nyumbani. Maji yamefunguliwa. Mpunga umepanda kidogo tulipokuwa mbali.

Kariuki alikuja na wazee wawili baada ya kanisa. Nikawaeleza. Hawakukaa sana kuamua. Pombe iliyonywewa imenywewa, hata kama ilikuwa ya chupa na ya baharini. Agosti Themba atakuja na mjomba wake, tutachinja, tutakula, atapewa binti yetu. Lakini pembe haitashikwa, na sitaulizwa kitu na mtu, maana kwa kunywa nilishajibu. Kariuki hakunitania. Hilo ndilo lilinisumbua sana. Aliuliza tu kama ile pakeji ilifaa. Nikamwambia ilifaa, nilimaliza zote. Hapa naandika kweli: haikufaa, na hata sikuzimaliza.

Nimeshusha pembe kwa ukuta. Nimeiosha. Nimempa Wambui aweke mbegu za maharagwe.

Aliuliza kama nataka kusikia habari ya wale samaki. Nikasema ndiyo. Ameongea mpaka chai ikapoa, na mimi nikainywa hivyo.

Mtu akisema nimeongeza chumvi, Wambui yuko, alikuwa mezani. Nyambura yuko. Na Themba aulizwe, ingawa hajui neno moja la haya. Ni yeye alinivua viatu.