Ushuhuda Ambao Sikuutoa

Kanamkemer, Lodwar
Ijumaa, baada ya chakula cha mchana

Mama yangu mpenzi,

Jambo sana, Mama. Magoti yanasemaje? Na kile kikohozi cha mvua, kimeondoka au kimehamia kwa Mugisho? Mdogo wangu huyo akikohoa mara moja hutaka apikiwe supu, namjua. Huku mimi na mjukuu wako Ansima tunapumua. Nimeandika tunapumua, sikuandika hatujambo, kwa sababu barua hii sitaki iwe na uongo. Habari ya uongo nitakueleza hapo chini.

Najua utashangaa kuona karatasi wakati siku hizi watu ni simu tu. Lakini simu unayopokelea ni ya jirani, na jirani yako huifungulia sauti mpaka kuku wa ua mzima wasikie. Haya ya leo si ya kuku. Nampa barua mama mmoja muuza vitenge anayerudi Bukavu. Isome peke yako kwanza, ndipo umpe Mugisho.

Mama, naogopa. Naogopa mpaka chai hainishuki. Mwenyeji wangu hapa ni Akiru, mwalimu Mturkana niliyesoma naye ualimu, na tangu jana ananisukumia sahani nami nairudisha. Ngoja nikupe habari kutoka mwanzo, kwa sababu nikianzia mwisho utadhani nimerukwa na akili.

Unakumbuka nilikwambia kwamba kule Kakuma nawaandikia watoto wa darasa langu hadithi, zile zako za jikoni, nikiziongeza chumvi. Mkuu wa shule alizipenda, akanipendekeza niitwe kwenye kongamano kwenye kampasi ya chuo kikuu hapa Lodwar. Kongamano la hadithi za kinjozi, ndivyo walivyoliita, yaani za mambo yasiyokuwepo: mazimwi, watu wanaoruka, miji iliyo chini ya ziwa. Niliomba ruhusa ya kutoka kambini, nikapewa mpaka kesho Jumamosi. Ansima nilimwacha kwa wifi yangu Esperansi, nikaja na kitenge changu kipya kama bibi harusi.

Mama, watu wazima na miwani yao walikaa ukumbini wakijadili kama zimwi lina mkia. Nilicheka kimoyomoyo. Mhadhiri mmoja alisema kwamba hata emuron, yule mganga wa Waturkana anayerusha ndara zake za ngozi chini na kusoma zilivyoangukia, ni mhusika mzuri wa kinjozi. Akiru akasimama hapo hapo.

"Daktari, huyo si njozi. Huyo ni mjomba wangu, na anakaa Lokichar."

Ukumbi mzima ulivunjika mbavu, na mimi nilicheka kuliko wote. Sasa sicheki.

Zamu yangu ilikuwa Jumatano mchana. Nilichagua ile hadithi ya mla vivuli, mwanamke asiye na kivuli anayewaazima watoto wa jirani vivuli vyao ili ajifunike jua, na mtoto akishaazimwa hulala asiamke vizuri. Wewe uliisimulia kwa "yule mama". Mimi niliiandika kwa "mimi", kwa sababu hivyo inatisha zaidi. Nilijisifu sana kwa hilo. Inaanza hivi: "Mimi nakula vivuli vya watoto. Kazi hii nilifundishwa na mama yangu." Isome tena, Mama, polepole, uone nimejichimbia nini.

Ulitukataza tusisimulie hadithi mchana, ukasema msimuliaji ataota mkia. Nimejipapasa, mkia haujaota. Lakini kosa langu halikuwa mchana. Kosa ni mlango. Unajua kwetu hadithi haiingii bila kubisha. Wewe ulikuwa unageuza mwiko, unatuangalia, unauliza, "Nibadanganye?" Nasi tunapiga kelele, "Utudanganye!" Hapo ndipo kila mtu anajua kwamba linalofuata ni la uongo na linaruhusiwa. Nilipanga kuanza hivyo hivyo. Nilikuwa nimewafundisha mpaka wanafunzi wa safu ya mbele namna ya kujibu.

Nikapanda jukwaani. Nikashika kipaza sauti, kikapiga yowe, watu wakanigeukia wote. Na wewe unajua mimi kipaza sauti nimekishika wapi maisha yangu yote: kanisani, kwenye kwaya na kwenye shuhuda. Ulimi ukaenda ulikozoea. Nikasema kwa sauti kubwa, "Bwana Yesu asifiwe!"

Ukumbi ukajibu, "Amina!"

Niliona aibu kurudi nyuma. Nikaendelea. "Mimi nakula vivuli vya watoto. Kazi hii nilifundishwa na mama yangu." Nikasoma mpaka mwisho, wakapiga makofi, mwanafunzi mmoja akaja kuniambia, "Mwalimu, umeua! Nimekurekodi, naituma saa hii." Nilimshukuru, Mama. Nilimshika na mkono.

Jana asubuhi wifi Esperansi akanipigia, sauti yake iko chini kabisa.

"Wifi, uko fasi gani?"

"Niko Lodwar, si unajua."

"Usiongee nguvu. Batu ya kanisa beko naangalia video yako. Banasema umetubu."

"Nimetubu nini?"

"Ulozi."

Nilicheka. Nikamwambia ni hadithi, aliisikia mwenyewe nikiisoma nikipika. Akasema, "Mimi najua. Lakini Ombeni eko hospitali."

Ombeni ni mtoto wa jirani yangu wa ukuta kwa ukuta. Alishikwa na homa Jumanne, kabla sijapanda jukwaani, lakini nani anahesabu siku? Amelala, wanasema, na haamki vizuri. Nikakaa chini kwenye mchanga wa Akiru, na simu sikioni.

Baadaye pasta mwenyewe akapiga. Mama, usimchukie, si mtu mbaya. Alikuwa analia kwa furaha.

"Mama Ansima, mbingu inafurahi! Usiogope. Jumapili, siku ya Mungu, utakuja mbele umalizie. Lakini ushuhuda bila jina ya mwenye alikupa, unabakia nusu."

"Pasta, ile ni hadithi. Nilikosea salamu tu."

"Shetani ndiye anakwambia ni hadithi. Ulishasema ni mama. Sasa utaje jina yake, tumufunge katika maombi, na kule Bukavu bandugu bamufunge."

Umeona sasa kwa nini chai hainishuki. Hawanichukii, Mama. Wangenichukia ningejua pa kukimbilia. Wamenifungulia mlango mpana kabisa: nisimame, niseme ndiyo, nilie kidogo, nikutaje, kisha wanikumbatie wote na Ansima arudi kucheza na watoto wenzake, ambao tangu jana wanaitwa ndani kila anapotokea. Mwenyewe aliniambia kwa simu ya shangazi yake. "Mama, wamesema nisisimame karibu na vivuli vyao."

Nakiri kwamba kwa muda mfupi niliufikiria mlango ule. Nilisema moyoni, Bukavu ni mbali, Mama hatajua. Kisha nikamkumbuka yule bibi wa mtaa wa chini huko Bukavu, waliyemtoa nyumbani kwake wakimwita mlozi kwa sababu macho yake yalikuwa mekundu. Macho ya moshi. Na wewe Mama unapika kwa kuni mbichi.

Kwa hiyo nakuomba, na usinibishie hapa kama unavyopenda kubisha: barua hii ikikufikia, nenda Uvira kwa shangazi. Sema unaenda kutibu magoti. Mugisho akusindikize na alale huko huko mpaka nitume neno. Na watoto wa mtaa wakija kukaa jikoni wakitaka hadithi, waambie umezisahau. Najua hilo litakuuma kuliko magoti.

Akiru anataka nibaki. "Kaa kwangu, nani atakutafuta hapa?" Ruhusa yangu inakwisha kesho, na hata isingekwisha, mwanangu yuko Kakuma. Kesho asubuhi napanda gari. Na Jumapili nitakwenda kanisani kwa miguu yangu, nitapita mbele, nitakishika kile kipaza sauti.

Sitasema Bwana asifiwe, Mungu anisamehe siku hiyo moja. Nitawageukia na kuwauliza, "Nibadanganye?"

Jua ninachokitafuta. Katika kanisa lile kuna Warundi, kuna watu wa Fizi, wa Kalemie, wana milango yao ya hadithi, wa kwetu hawaujui. Atakayeujua ni mtu mmoja, aliyekulia mtaa wetu na kulamba mwiko katika jiko kama lako. Ni mama yake Ombeni. Yeye akijibu, hata kwa kunong'ona, watu watageuka wamtazame, na wataelewa kwamba mwenye mtoto mgonjwa mwenyewe amesikia hadithi, hakusikia ushuhuda. Akinyamaza, nitakuwa mwanamke aliyesimama kanisani akauliza kama awadanganye.

Sijui atafanya nini. Wengine wamesema mengi, yeye hajasema neno. Nimempigia, hapokei. Labda yuko wodini na simu imezima. Labda anaitazama ikilia. Siku niliyojifungua Ansima ndiye aliyenishika mgongo. Nikimfikiria amekaa kando ya kitanda cha Ombeni na video ile mkononi, sijui hata mimi ningemwamini nani.

Leo asubuhi nilipomweleza Ansima kwa simu nitakachofanya, alisema, "Mama, kama hakuna mtu anajibu, mimi nitajibu. Mimi najua." Nilimkaripia mpaka akalia. Nilimwambia akae nyuma kwa shangazi yake na asifungue mdomo. Katika hadithi ile kazi inatoka kwa mama kwenda kwa binti. Wa kwanza ni wewe, wa pili ni mimi, na mtoto akifungua mdomo, watu watajihesabia wenyewe wa tatu ni nani.

Nisalimie Mugisho, na mwambie safari hii asiulize maswali, afunge mzigo. Msalimie shangazi wa Uvira, mwambie nakuleta kwake kama mgeni wa ghafla, akuandalie kitanda kisicho na baridi. Nisalimie mama yangu wa ubatizo, aniombee kimya kimya bila kutaja jina langu mbele za watu. Na yule mzee fundi viatu wa pale njia panda, aliyekuwa anakuja kusikiliza hadithi akisingizia kuota moto, msalimie pia. Akiru anakusalimu kwa lugha yake, anasema ejok, na anasema mjomba wake wa Lokichar angenisaidia. Nimemwambia inatosha, nisije nikaongeza na ndara juu ya haya.

Barua hii itakufikia wakati Jumapili imeshapita. Wakati unaisoma, ama nilijibiwa ama sikujibiwa, na wewe hujui, kama mimi sasa nisivyojua. Hata hivyo nifanyie jambo moja. Ukifika hapa, weka karatasi chini, angalia kama mlango umefungwa, kisha unijibu kwa sauti yako ile ya jikoni. Hadithi ilikuwa yako, na kwa mdomo wangu ilitoka bila kubisha. Nataka angalau wewe uufungue mlango.

Mama, nibadanganye?

Ni mimi binti yako, Nsimire