Baba Ndani ya Shimo

Mjukuu wangu Neema,

Huku Daa tu wazima, ila bibi yako amechoshwa na mkoromo wangu. Nimeziona picha za kale ulizonitumia kutoka huko ng'ambo, za uchimbaji wa ngome ya Warumi. Unauliza ni nani yule aliyesimama shimoni. Mimi nilidhani ndiye Mrumi mwenyewe!

Baba yangu alikuwa kibarua wa watafiti waliochimba mabaki ya kale Mang'ola. Siku moja akaleta picha: yumo shimoni, kimebaki kichwa tu nje. Mama akapiga yowe.

"Baba Safari, umeingia kaburini ungali hai?"

"Niliwekwa niwe kipimo tu, Mama Safari, picha ionyeshe kina cha shimo."

Kwetu anayetoka kuzika hunawa nje. Mama akamsukuma hadi uani, akamnawisha mikono na miguu huku akitetemeka. Na huyo ndiye mama aliyefukuza fisi kwa mwiko!

Huyo wako naye alikuwa kipimo, mjukuu wangu. Sijui nani alimnawisha.

Babu yako