Kijiti cha Baba na Plagi ya Tatu

Gereji, nyuma ya ghala la mbao,
9 Juni

Mpendwa mdogo wangu,

Pokea salamu za kujaza buti. Kifua chako kimetulia? Kazi inakwendaje? Mimi mzima, nimenenepa, na uzuri uko palepale. Shemeji yako anabisha, lakini yeye ndiye aliyenichagua.

Nimezunguka vya kutosha. Gari uliloniachia limekufa.

Unajua niliahidi kulifunga tabo, ile feni ya kuishindilia injini hewa, kabla macho ya baba hayajazima, apande walau mara moja, aone kile kilima na asikie injini aliyoisuka kwa mikono yake ikikipanda. Tabo nilifunga mwenyewe, na nakwambia ilikaa kama imezaliwa humo. Mafundi wa mtaa mzima walikuja kuchungulia, wengine mara mbili.

Zikabaki plagi za kutoa cheche. Baba akaomba moja, pamoja na kijiti cha kibiriti. Unakumbuka kipimo chake: anakichomeka kati ya kaure na chuma. Kikizama sana, plagi hiyo inakaa na joto. Kikiishia juu, inalitoa upesi. Nikamwambia, "Mzee, pumzika. Plagi ni plagi."

Nikafunga zilezile za zamani, za kukaa na joto. Zilitufaa enzi ile injini inakunywa oili na plagi za kutoa joto upesi zinajaa masizi. Lakini pete za pistoni nilishabadilisha, oili haipandi tena, na tabo nayo inaongeza moto. Injini mpya, plagi za injini ya zamani. Mimi huyo, niliyefundisha nusu ya mji.

Asubuhi nikamkalisha baba mbele, kavaa kofia yake nzuri. Katikati ya kilima injini ikaanza kugonga, kama mtu anatikisa misumari ndani ya kopo. Baba akasema, "Toa mguu kwenye mafuta." Nikaona bado kidogo tu tufike juu, nikazidi kukanyaga.

Hatukufika. Pistoni ya tatu ilitoboka tundu la kupitisha kidole gumba, na vipande vikachana silinda hadi bloku yenyewe ya injini haichongeki tena. Nimepekua mabanda yote ya vyuma chakavu. Ya namna ile haipo.

Baba hakufoka. Heri angefoka. Tulipovutwa hadi gereji aliipapasa plagi ya pistoni hiyo ya tatu, kijiti kikazama karibu chote. Akaniwekea kiganjani, akasema, "Macho ulikuwa nayo wewe." Hajakanyaga tena hapa. Jana daktari kasema hata mwanga wa dirisha hauoni tena.

Nimekufungia humu plagi na kijiti, upime mwenyewe. Ukimpigia baba simu, usinitetee.

Nisalimie mkeo na binti yako yule mwenye mapengo. Shangazi naye anawasalimu. Mungu akulinde huko, akupe mikono ya baba na masikio ya kumsikiliza.

Wako akupendaye, kwa gari na bila gari,

Kaka yako, fundi.
(Kibao cha "Fundi Mkuu" nimekishusha.)