Mizani ya Getnet

Gondar, Tikimt 20

Dada mpenzi Bezunesh,

Salamu zangu zikufikie ukiwa umeketi, maana najua ukisimama husomi, unafanya kazi. Hujambo? Shemeji mgongo umemwachia? Watoto je? Mimi ni mzima, mzima kupita kiasi, kama utakavyoona. Kofia nne ndogo za sufi ulizofuma zimefika. Nimezibusu moja moja. Habari zake zinakuja.

Dada, ndoa ni tamu! Mwezi wa tatu huu, na bado Getnet akibisha mlango nakimbilia kioo. Yuko mwaka wa mwisho chuo kikuu, anasomea lishe ya binadamu, na akitamka tu neno "protini" moyo wangu unaruka. Nikimwekea mchuzi wa shiro, kwanza ananieleza itakavyoijenga damu yangu. Mwanamume gani mwingine amewahi kuiwazia damu yangu?

Ili ahitimu, ilibidi afanye utafiti: watu wa mtaa wetu wanakula kiasi gani. Nyumba kumi, kila nyumba siku tatu. Sinia la injera linapimwa kabla ya kula na baada ya kula, kilichopungua kinagawanywa kwa walaji. Lakini wanawake walimfukuza jikoni. Jirani yetu Etagegn alimuuliza kama mke aliyemwoa ni wa kutundika ukutani. Basi nikajitolea. Alinikabidhi mizani kwa mikono miwili, kama alivyonivika pete.

Unajua kwetu mtu hakuti sinia akasimama pembeni. Kila nilipowaambia waendelee, mimi napima tu, walicheka: "Bibi harusi ale kwa macho? Fungua mdomo, wewe!" Tonge la kwanza la mama mwenye nyumba, la pili la mkwewe, la tatu la Bibi Tiruye, ambaye kiganja chake ni kikubwa kuliko uso wangu. Ningekataa gursha, tonge la mkono wa mzee? Wangesema sikulelewa, na aibu ingekufikia hata wewe. Nikala. Tonge moja, niliwaza, nani atalihesabu? Nikala hivyo mwezi mzima.

Gauni likagoma kufunga. Mama mkwe, Mama Asnakech, akanitazama kiuno, akapiga vigelegele peke yake jikoni, akaenda kanisani. Kufikia saa nne mtaa mzima ulijua, na nasikia habari ilipanda basi ikafika kwenu. Tangu siku hiyo matonge yakawa mawili mawili, langu na la mjukuu. Jioni Mama alinitilia siagi kwenye chakula, akaninawisha miguu kwa maji ya moto.

Kumbe chuoni mambo yameharibika. Mwalimu wake, Daktari Tsegaye, alisoma hesabu akamuuliza mtaa huu uko wapi ili ahamie. Kwa hesabu zile, Bibi Tiruye mwenye meno mawili anakula kama wakulima watatu. Akampa wiki moja aeleze, la sivyo mwaka huu hahitimu. Getnet alirudi akaketi na mizani mapajani, anaweka jiwe, anaondoa jiwe, ananung'unika kuwa ama mizani imekufa ama yeye ni mjinga. Akakataa kula. Getnet wangu, mtu wa lishe, akatae kula!

Hapo nikashindwa. Nikampigia magoti nikamwambia mizani ni nzima, ni mimi niliyeula utafiti wake. Akauliza, wote? Nikasema, nyumba zote kumi. Akaiweka mizani chini, akauliza polepole, na mtoto?

Dada, nakwambia nilichomwambia yeye: hakuna mtoto. Wiki mbili niliamini hata mimi, mpaka mwili wangu uliponikanusha. Kisha nikanyamaza, kwa sababu ya yale maji ya moto. Sijawahi kupendwa vile kwa makosa.

Alinishika mkono hadi chuoni, akanipandisha kwenye mizani ya watu. Kilo sita zaidi ya wiki ya harusi! Akakaa chini sakafuni, akacheka mpaka machozi: "Jamani, chakula cha mtaa nimekipata!" Daktari Tsegaye naye alicheka, akampa mwezi mwingine turudie. Sasa nami nimeandikwa daftarini, mlaji wa ziada. Bibi Tiruye anashikilia tonge juu ya mizani, mimi nimeachama, sote tunangoja namba.

Kumwambia Mama ndiko kulikonitetemesha. Jana nilimwambia. Aliweka chini birika la kahawa, akanitazama sana, akauliza, sasa ile siagi yangu yote kaila nani? Kisha akanivuta kwenye kigoda akaninawisha miguu vilevile, akisema maji yameshachemka, ayamwage?

Tafadhali mwambie mama yetu taratibu, na yule kondoo aliyemwandalia mjukuu asimchinje. Kofia tatu nimezitunza sandukuni, kwa matumaini. Ya nne nimeivika mizani isiingie unga wa teff. Imeikaa sawasawa, utadhani uliipima kichwa.

Getnet anakusalimu, Mama anakusalimu, na Bibi Tiruye anasema ukija uje na njaa.

Mdogo wako akupendaye,
Wubit