Mama Aliyenipita Akilia

Mjukuu wangu Nekesa,

Huku Kitale tuko salama, ila nyanya yako amenuna kwa sababu ng'ombe niliyesahau kumfunga amemaliza mboga zake za sukuma wiki.

Unauliza nilifanyaje enzi zangu za mbio, akili ikikataa mazoezini. Siku moja nilikimbia hadi mji mdogo wa Kwanza. Wakati huo, mtu mzima akionekana anakimbia barabarani, basi amebeba habari ya kifo. Akina mama wakaacha kupalilia, wakanifuata wakilia. Nikaogopa kusimama, ningewaambia nini? Mmoja akanipita, jembe begani, akafika mbele yangu.

"Ni nani amekufa?"

"Mimi," nikasema, nikaanguka.

Yule mama hakuwahi kufanya mazoezi. Alidhani tu aliyekufa ni mtu wake.

Ukichoka huko Bungoma, fikiria mtu wako. Lakini si mimi, bado niko hai.

Babu yako