Kwa Kalisa, Habari za Mashua na za Mama Yako

Kalisa,

Sikuulizi hali. Nakuandikia kwa Kiswahili kwa sababu ndicho tulichokuwa nacho wawili. Kinyarwanda changu bado wanakicheka sokoni, na wewe ulikuwa ukinicheka kwa vyote viwili. "We Mutanzania, iyi Kiswahili yako iko ya radio. Haina chumvi." Basi vumilia, leo utakipata hicho hicho, na safari hii huna la kujibu.

Chumba chako amepewa mtu mwingine, mtumishi wa ofisi aliyerudi kutoka Uganda. Ni mtu mzuri, ananisalimia vizuri, nami simpendi. Baiskeli yako alikuja kuichukua binamu yako wa Busasamana. Soko la mpakani limefunguka tena na wanawake wanavuka asubuhi na kurudi jioni kama zamani. Watu wanasema hali inatulia. Mimi sioni. Naona tu kwamba watu wamezoea.

Mashua bado ipo. Nitaifikia.

Nakumbuka siku tulipoiona. Tulikuwa tumeitwa kukarabati ile nyumba kubwa ya kando ya ziwa, wewe ukutani na sare yako ya saruji, mimi juu ya paa. Nikiwa huko juu nikaona mgongo wa kitu umefunikwa na mimea ya ua, na kuku wanatagia chini yake. Nilishuka mbio hadi ukadhani nimeanguka. Nilikulia Musoma, kwenye mitumbwi ya wavuvi yenye matanga, na mkuku, ule mti wa chini ya chombo, siwezi kuukosea. Nikakwambia, hii ni mashua ya tanga, Mzungu mmoja aliiacha hapa wakati anakimbia. Ukauliza inakwendaje bila moteri wala kasia. Nikakuonyesha upepo unavyokuja ziwani. Ukasema, "Donc inaweza fika Idjwi."

Ndipo niliposikia habari za mama yako kwa mara ya kwanza. Alikimbia vita vya Masisi, akavushwa kwa mtumbwi mdogo hadi kisiwa hicho cha Idjwi kwa shangazi yako, na huko akabaki. Baba yako alikwisha kuzama na boti ya moteri iliyopakia watu kupita kiasi, na mama akaapa kwamba mguu wake hautaingia tena kwenye boti ya namna ile. Kwa mtumbwi, kutoka Idjwi hadi huku Gisenyi, mama mtu mzima hawezi. Alikuwa amekutumia neno kwamba atakuja nyumbani siku utakapomfuata mwenyewe, kwa chombo kisichopiga kelele. Wewe ulilichukua kuwa kichekesho cha wazee mpaka siku ile ya kuku.

Yule aliyepewa kuitunza nyumba alitupa mashua bila hata kufikiri. Alichotaka ni tuiondoe. Wavuvi wakatusaidia kuivuta juu ya magogo ya mikaratusi, huku wakiimba zile nyimbo zao za kupiga makasia na kutucheka katikati ya kila ubeti. Kwao chombo ni mitumbwi mitatu iliyofungwa pamoja kwa miti mirefu, na nguvu za mikono. "Bwato ya nguo," yaani mashua ya nguo, ndivyo walivyoiita yetu. Mzee mmoja akauliza kama tutaipigia pasi.

Ile ilikuwa miezi mizuri, Kalisa. Sisemi hivyo kwa sababu umekufa. Usiku tulisikia risasi kule juu milimani, barabara ya Nyundo watu waliipita wakisali, na bado asubuhi ulikuwa unakuja na randa yako begani ukipiga mluzi. Tanga tulilishona kwa shitingi, lile turubai la plastiki la wakimbizi, kwa kuwa kitambaa kizito hakikupatikana. Nilisema litapasuka. Ukasema shitingi imebeba mvua ya watu wote wa Goma, upepo mmoja hautaishinda. Mbao za ubavu ulizileta mwenyewe kutoka ng'ambo, mbao nyekundu za Kongo, ndefu, zilizonyooka, na ulinikataza kuzikalia. Wanawake wa mananasi wanaokuja kutoka kisiwani walipeleka habari, na jibu likarudi kwamba mama yako ameshafunga mzigo. Ulinisimulia hilo siku nzima.

Kisha askari wakasema ufuo usiwe na vyombo visivyo vya wavuvi. Walikuwa na haki, watu walikuwa wanavuka kwa siri. Tukatafuta pa kuificha, pasipo upepo, kwa sababu lami ilikuwa inapoa kabla hatujaisukuma kwenye nyufa. Ndipo tukapata lile shimo pana nyuma ya ukuta mmoja juu ya ufuo, lenye mawe meusi ya volkano. Hapakuwa na upepo kabisa. Tulifurahi. Wanaume wawili wanaotaka kwenda na upepo, tukafurahia mahali usipofika.

Wewe ndiye uliyenifundisha mazuku ni nini. Ulinieleza ni hewa mbaya inayotoka ardhini huko kwenu, nzito, haina harufu, inajaa kwenye mashimo kunapokuwa kimya, na mbuzi akilala humo haamki. Ulisema mama yako alikuwa akiwachapa mkikaa mahali majani yamekauka bila sababu. Nilipoangalia lile shimo nikakutania, vipi, hapa hamna mazuku? Ukacheka. "Mazuku iko ya Goma. Haina jeton, itavuka barriere namna gani?" Nami nikacheka, kwa sababu ni kweli hata wewe bila kile kikaratasi cha mpakani ungerudishwa.

Mbabula, lile jiko letu la makaa, ilikuwa inazimika. Hilo ndilo linaloniamsha. Tunaiweka chini ili kuchemsha lami, moto unafifia, tunaupuliza, unafifia tena. Tukainua mbabula tukaiweka juu ya jiwe, ikawaka vizuri. Tukalaumu makaa. "Makaa ya Kanzenze iko na maji," ulisema, na tukamtukana mama aliyetuuzia, mama wa watu ambaye makaa yake yalikuwa makavu kabisa. Moto ulikuwa unatuambia habari ya ile hewa kwa lugha ambayo wewe uliijua tangu utotoni, na sisi tunabishana juu ya makaa.

Asubuhi ile uliwahi kufika kuliko mimi. Kulikuwa na baridi na ziwa limetulia, hakuna jani linalotikisika. Ulikuwa umelala chali chini ya mashua, patasi mkononi na pamba ya kuzibia kifuani, kama fundi anayepumzika. Niliita mara ya kwanza kwa hasira, nikidhani unasinzia. Nilipoinama kukushika nikahisi kifua kinanibana na kichwa kinazunguka, nikarudi nyuma. Nilibana pumzi, nikakufunga kamba miguuni, nikapanda nikakuvuta nikiwa juu. Nisamehe kwa kamba ile. Hapakuwa na namna nyingine.

Jeneza halikupatikana. Juma lile mafundi walikuwa na kazi nyingi za namna hiyo, na mbao hazikuwapo mjini. Unajua nilichofanya. Zile mbao nyekundu za ubavu nilizipiga randa upya, ingawa hazikuhitaji, na misumari nikatumia ileile tuliyoiweka kwa ajili ya ubavu. Watu walisifu jeneza, wakasema fundi Kalisa amezikwa kifundi. Na jirani mmoja, mbele ya kaburi, akasema sikio la kufa halisikii dawa. Nilitaka kumsukumia humo humo shimoni. Hakuna aliyekupa dawa ukakataa. Ulitania tu, kama watu wote wa mpakani wanavyotania, na mimi nikacheka.

Muda si mrefu vita vya pili vikaanza ng'ambo. Mbao nyekundu zikaacha kuja, ziwa likafungwa. Mashua ikabaki na ubavu wazi, mtu anaweza kupitisha kichwa. Wavuvi waliitoa shimoni kwa kamba, wakaipandisha karibu na barabara, wakazungushia shimo mawe ili watoto wasiingie. Hawaiiti tena bwato ya nguo. Hawaiiti chochote. Mvua ilipoingia chumbani kwangu nilifumua tanga letu nikalitandaza juu ya paa, nalo limerudi kuwa shitingi.

Sasa mama yako.

Baada ya mazishi nilimfuata mama mmoja wa mananasi, nikamwomba amfikishie habari. Aliweka kikapu chini akaniangalia kama nimemtukana. "Yewe, habari ya kifo haitumwake na mutu wa soko. Inaendaka na mutu wa nyumba." Nikamwambia nyumba ile huku haina mtu. Akabeba kikapu chake. Binamu yako naye amekataa, anasema hana makaratasi ya kuvukia. Kisha ziwa likafungwa, nami nikajificha nyuma ya kufungwa kwake, nikasema si mimi, ni vita. Kwa muda huo wote kule kisiwani wewe u mzima. Una kazi nyingi tu.

Boti zimeanza tena. Juzi mama yule yule wa mananasi alikuja hadi mlangoni kwangu, hakuniangalia usoni. Mama yako anauliza mashua itafikia upande gani wa kisiwa, ili ajue pa kusimama.

Sikula siku ile. Nimefikiri sana mtu wa nyumba ni nani. Mimi si ndugu yako, na kijiji chenu sijawahi kukiona. Lakini ni mimi niliyekuvua viatu. Ikiwa hilo halimfanyi mtu kuwa wa nyumba, basi sijui linalomfanya.

Ijumaa naondoka na boti ya moteri, pamoja na wauza mananasi. Sina tumaini la kumleta. Atakataa, na akikubali sina chombo cha kumleta. Naenda kusema tu, halafu nikae naye siku za msiba, nichote maji, nipasue kuni, kama ambavyo ungefanya wewe kama ningekuwa nimekufa mimi. Hilo moja nakuahidi, maana mengine yote yamenishinda: hatalisikia kwa mtu mwingine.

Najua ataniuliza. Ataniuliza kama ulizama kama baba yako, kama mawimbi yalikuwa makubwa, kama ulikuwa umekaribia. Nitamwambia kweli, kwamba mashua haikugusa maji hata siku moja.

Kwaheri, Kalisa.

Deo